Shangazi mtu kakata kamba ya mwanangu, kafungia gunia la viazi!

MamaBinti_Uyole:
Wakuu, machozi hayajakauka, msiniambie nitulie. Mnamjua huyu. Kila ukoo unaye, akiingia uani hata kuku wanajipanga foleni. Leo katua saa tatu asubuhi, chai hajamaliza, kashaanza: "Huyu binti anarukaruka kama ndama, nani atamwoa?" Binti ana miaka TISA!

Watoto wa kiume wa shemeji wanapiga chandimu hapohapo, vumbi mpaka kwenye kope, hao anawapigia makofi. Wangu anaruka kamba, anahesabu kwa sauti, kafika themanini na tatu hajakosea. Wifi kanyanyuka, kashika kisu cha kumenyea viazi, KAKATA. Mtoto anamtazama. Akafungia mdomo wa gunia alilokuwa anaondoka nalo, kisha akampa mwanangu simu: "Kaa mkekani utazame katuni, ndio utulivu wa mtoto wa kike."

Themanini na tatu, jamani! Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchangamshe mwili angalau dakika 60 kwa siku. Halikusema wa kiume tu.

Mume wangu kainamia ndizi anamenya. "Dada ndiye aliyenilea." Kipande kilichobaki binti kajaribu kukiruka, hakivuki hata kichwa. Kakata, wakuu. Kwa KISU.

Ndaga_Fijo:
Pole dada. Ila kamba zimejaa sokoni Mwanjelwa, kanunue nyingine utupumzishe Jumapili.

MamaBinti_Uyole:
Silii kamba, nalia KUKATWA!

Kijana_Mafinga:
Afadhali yako. Mimi wa kiume, na baba alikuwa ananichapa akinikuta uwanjani, eti namaliza viatu. Sasa nina miaka 26, nikipanda ngazi nahema, na anayenicheka ni yeye yule.

Teacher_Iringa:
Na wetu wa mjini? Alfajiri basi la shule, jioni tuisheni, Jumamosi tuisheni. Uwanja tuliochezea rede na kombolela umejengwa fremu za maduka. Wangu kamba anayo, pa kurukia hana.

Mbio_Ndefu:
Mwambie wifi yako mwanariadha wetu Magdalena Shauri alishika nafasi ya 3 Berlin Marathon mwaka 2023, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Angekalishwa mkekani na katuni tungemjua?

Baridi_Kali:
Mleta uzi, wewe mwenyewe kamba umeruka lini mara ya mwisho?

MamaBinti_Uyole:
Jana jioni, na yeye. Tulipokezana. Kamba hiyohiyo iliyokatwa!

Dalali_Mstaafu:
Ngojeni kwanza. Gunia gani linamaliza kamba ya kurukia mdomoni? Hiyo ni lumbesa, gunia la kujazwa kupita kiasi. Mwisho kilo 100 kisheria.

Viazi_Umalila:
Usinitoneshe kidonda. Juzi nimejaziwa gunia likaota kichuguu juu, wakashonea na nyavu, nikalipwa bei ya gunia moja. Mbolea nimekopa, mvua imenichapa, faida kala wa lori.

Teacher_Iringa:
Huku kwenye vitunguu ndio usiseme.

MamaBinti_Uyole:
Jamani, themanini na tatu...

Dalali_Mstaafu:
Themanini na tatu ni bei ya gunia? Ya wapi hiyo? Mbona huku wanatupa chini ya hapo?

Viazi_Umalila:
Elfu themanini na tatu?! Dada, nipe namba ya wifi yako.