Siku mbili dirisha lifungwe: Mariners wamchukue Suárez au wabaki na vijana wao?

Mwaloni51 (Jumanne, 29 Julai 2025)

Habari zenu wakuu. Najua humu wengi ni watu wa Simba, Yanga na Pamba, ila wa besiboli wachache mpo na baadhi nawafahamu, kwa hiyo hili nalileta kwenu. Usiku wa kuamkia Ijumaa, saa saba kwa saa zetu, dirisha la kubadilishana wachezaji kule Marekani linafungwa. Likishafungwa, timu inakwenda Oktoba, kwenye mtoano, na ilichonacho. Kinachobaki ni kuokota walioachwa na wenzao.

Mimi ni wa Seattle Mariners tangu 2001. Nilikuwa kidato cha pili hapahapa Mwanza, na hesabu tulikuwa tunafundishwa na Mjapani wa kujitolea aliyekuja na glavu mbili na mipira michache kwenye begi. Jioni tulikuwa tunarushiana nyuma ya bweni. Mwaka huo ndio mpigaji Ichiro alitoka Japani akaenda Seattle, timu ikashinda mechi 116, na mwalimu alikuwa akituchorea mechi ubaoni kwa chaki baada ya kipindi kwisha. Alipoondoka aliniachia glavu moja. Ninayo mpaka leo hapa bandani kwangu soko la dagaa la Mwaloni, imening'inia kwenye msumari juu ya magunia. Ngozi imepasuka kwenye kidole gumba na inanuka dagaa, lakini kila mwezi naipaka mafuta ya mgando isikauke. Juzi Jumapili Ichiro kaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown, kura 393 kati ya 394. Nililia, sioni haya kusema.

Sasa hali ilivyo. Tuko wa pili kwenye kundi letu nyuma ya Houston Astros. Cal Raleigh alipiga hom rani 38, yaani kuupiga mpira ukatoka nje ya uwanja, kabla ya mapumziko ya All-Star, mechi ya nyota ya katikati ya msimu, na huyo ni mdakaji, mtu anayechuchumaa mechi nzima. Warushaji tunao: Kirby, Gilbert, Woo, Castillo. Alhamisi iliyopita tumemchukua Josh Naylor kutoka Arizona kwa ajili ya kulinda besi ya kwanza, moja ya vituo anavyokimbilia mpigaji. Shimo lililobaki ni besi ya tatu. Dogo Ben Williamson anadaka kila kinachomjia, ila msimu mzima ana hom rani moja.

Na haohao Arizona wanaye Eugenio Suárez. Hom rani 36 mpaka sasa. Alishakuwa kwetu 2022 na 2023, tunamjua roho yake, wachezaji wanampenda. Mwezi huu katimiza miaka 34, mkataba wake unaisha msimu huu, na usiku wa kuamkia leo kapigwa na mpira mkononi. Picha zinaonyesha mfupa haujavunjika.

Hofu yangu ni bei. Kule hawanunui kwa fedha kama mpira wetu wa miguu, unatoa wachezaji, na kinachotakiwa ni vijana. Tuna Colt Emerson, katimiza miaka 20 mwezi huu. Na wazee wa timu hii hawawezi kusahau tarehe 31 Julai 1997. Siku hiyo Seattle ilikuwa na Griffey, Randy Johnson, Edgar Martínez na Alex Rodriguez kijana, timu ya kutisha, isipokuwa warushaji wa kumalizia mechi walikuwa wanavuja. Wakaenda Boston kumchukua Heathcliff Slocumb, wakatoa vijana wawili, Derek Lowe na Jason Varitek. Tulitolewa hatua ya kwanza na Baltimore. Mwaka 2004 Boston walibeba kombe lao la kwanza tangu 1918, Varitek akiwa mdakaji, na Lowe ndiye mrushaji aliyeandikiwa ushindi kwenye mechi ya kumaliza kila hatua, zote tatu. Sisi hatujawahi kufika fainali hata mara moja. Ni timu pekee katika 30 ambayo haijafika.

Nyie mngefanyaje?

PambaDamu (Jumanne, 29 Julai 2025)

Kaka, besiboli siijui ila kusubiri nakujua. Pamba imechukua ubingwa 1990, baadaye ikashuka, tukakaa zaidi ya miaka 20 nje ya Ligi Kuu mpaka 2024. Marehemu baba alikuwa anakwenda uwanja wa Nyamagana kuangalia madaraja ya chini watu hamsini jukwaani. Kwa hiyo nakuuliza kitu kimoja: huyo mtu mkataba wake ukiisha Oktoba, anabaki au anaondoka? Maana kumpa mtu kijana wa miaka 20 ili upate mzee wa miezi mitatu, mimi roho inagoma. Kijana ndiye timu. Sisi tuliporudi Ligi Kuu tulileta wageni kibao na nusu yao hata majina nimeshayasahau.

FundiIgoma (Jumatano, 30 Julai 2025)

Mkuu Mwaloni, heshima kwako. Umemtaja Ichiro Jumapili, lakini jukwaani pale alikuwepo na mrushaji CC Sabathia, na yeye ndiye jibu la swali lako.

Julai 2008 Sabathia alikuwa Cleveland, mkataba unaisha, hali ileile ya Suárez. Milwaukee wakamchukua kwa vijana wanne. Alishinda mechi 11 akapoteza 2. Mwishoni kabisa alikuwa anarusha kila baada ya siku tatu za kupumzika badala ya nne, mkono wake mwenyewe ukiwa sokoni miezi miwili mbele. Milwaukee walikuwa hawajaingia hatua ya mtoano tangu 1982, na aliwaingiza. Wakatolewa na Philadelphia, naye akaenda zake Yankees. Waulize watu wa Milwaukee kama wanajuta. Hawajuti.

Halafu angalia hao vijana wanne. Aliyekuwa anatajwa na kila mtu ni Matt LaPorta, mpigaji wa nguvu, ndiye waliyekuwa wanamlilia. Hakufika popote. Aliyekuja kuwa mchezaji kweli ni Michael Brantley, wa mwisho kwenye orodha, jina lake likaongezwa baada ya msimu. All-Star mara tano. Kwa hiyo hata ukikataa kumtoa Emerson, hujui kama unamlinda LaPorta na kumwachia Brantley. Hao waliomtoa Varitek nao hawakujua.

Mimi ningemchukua Suárez leo hii.

NaomiCapripoint (Jumatano, 30 Julai 2025)

Kaka zangu, ngoja niseme kinachoachwa. Nilisoma Tacoma miaka miwili, pale inapochezea timu ya pili ya Mariners, na nimemwona Suárez kwa macho yangu 2023. Mwaka ule alitolewa kwa straikauti, yaani kuukosa mpira mara tatu, mara 214. Mara mia mbili kumi na nne! Seattle wenyewe ndio waliompeleka Arizona mwaka huohuo kwa sababu walichoka na hizo straikauti. Na uwanja wetu unaua wapigaji, hewa ya bahari ni nzito na baridi, mpira unaondoka vizuri kisha unafia mikononi mwa mtu. Hom rani 36 za Arizona msizihesabu kuwa 36 za Seattle.

Mimi ningeweka nguvu kwa warushaji wa mwisho. Oktoba 2022 tulicheza na Houston mechi moja ya zamu 18 badala ya tisa za kawaida, tukafungwa 1 kwa 0. Nililala asubuhi. Mechi za Oktoba zinaamuliwa na yule anayesimama kilimani kurusha zamu ya nane, na mrushaji wa mkono wa kushoto wa kuaminika tunaye Speier peke yake.

Mwaloni51 (Jumatano, 30 Julai 2025)

Dada Naomi, hiyo ya zamu 18 umenitonesha. Niliangalia mpaka bando likaisha, nikaenda kuazima simu ya kuli.

Nimelala na majibu yenu nikaamka nayo. PambaDamu, ndiyo, anaweza kuondoka Novemba. Nilichoona ni hiki. Sisi wa dagaa tunafanya kazi kwa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala. Siku za giza zikija ni chache, na mwenye mtumbwi ambaye taa zake hazitoshi anakodi nyingine, hata kwa bei ya kuumiza, kwa sababu giza halimsubiri mtu. Nimekodi mara nyingi. Taa ya kukodi unairudisha giza likiisha na hulalamiki. Ila sijawahi kumwona mtu pale Mwaloni akiuza mtumbwi ili akodi taa.

Raleigh hatapiga hivi kila mwaka. Kirby, Gilbert na Woo hawatakuwa wazima wote miaka yote. Hili ndilo giza letu. Suárez akodiwe. Emerson ndiye mtumbwi, haguswi.

Fundi, mfano wa Brantley umenikaa, lakini mimi naupindua: kama huwezi kujua yupi atatoka, basi toa wale ambao nafasi zao zimeshajaa kwenu. Tyler Locklear anacheza besi ya kwanza, na Naylor ameshafika. Huyo mpeni Arizona, akapate nafasi ya kucheza. Ongezeni mrushaji mmoja au wawili wa chini. Zaidi ya hapo simu ikatwe.

Na dada, straikauti zake nazijua, ziliniuma na mimi. Lakini Williamson anapogusa mpira unaishia kwa mtu aliyesimama karibu. Mwenye kukosa mara tatu na kuutoa uwanjani mara moja, Oktoba namtaka huyo.

Mwaloni51 (Alhamisi, 31 Julai 2025, asubuhi)

WAKUU. Nimefungua simu nikiwa napima ndoo za watu wa Ukerewe. Suárez anarudi Seattle! Tumetoa Locklear na warushaji wawili, Hunter Cranton na Juan Burgos. Emerson yupo. Na dada Naomi, tumepata pia mrushaji wa mkono wa kushoto, Caleb Ferguson kutoka Pittsburgh. Nimemkumbatia mzee wa Ukerewe, hakuelewa, kanipongeza tu.

FundiIgoma (Alhamisi, 31 Julai 2025)

Ulimtaja Locklear mkuu. Nimetunza picha ya maneno yako.

NaomiCapripoint (Jumatatu, 29 Septemba 2025)

Narudi hapa kwa heshima zote, kaka Mwaloni. Msimu wa kawaida umeisha usiku wa kuamkia leo. Ubingwa wa kundi letu tumechukua, wa kwanza tangu 2001, na Raleigh kamaliza na hom rani 60. Lakini Suárez tangu aje: wastani wa kupiga .189, hata mara mbili kwa kumi haufiki, hom rani 13. Sisemi nilikuwa sahihi, nauliza bado unaamini?

Mwaloni51 (Jumatatu, 29 Septemba 2025)

Naamini dada. Katika hizo hom rani 13 zipo zilizotuokoa, na mechi zilizobaki, za mtoano, ndizo tulizomwitia.

Mwaloni51 (Jumanne, 21 Oktoba 2025)

Nimekaa muda kabla ya kuandika.

Kwanza mechi ya tano na Toronto, hatua ya mwisho kabla ya fainali, alfajiri ya Jumamosi. Nilikuwa bandani peke yangu, simu nimeiegemeza kwenye mzani. Zamu ya nane tuko nyuma 2 kwa 1. Raleigh akasawazisha kwa hom rani iliyopanda juu sana, nikadhani imedakwa. Kisha besi zote tatu zikajaa watu wetu. Akaja Suárez. Alikuwa ameshapiga hom rani moja mapema, hilo ndilo lilikuwa bao letu la kwanza. Akaupiga mpira kuelekea upande wa kulia wa uwanja, ukaenda, ukaenda, watu wanne wakazunguka nyumbani, 6 kwa 2. Uwanja uleule unaoua wapigaji, dada Naomi. Nilipiga kelele mlinzi akaja na rungu. Nilishusha glavu ya mwalimu kwenye msumari nikaivaa. Haiingii tena vizuri, mkono umenenepa. Nilikaa nayo mpaka kumekucha. Mechi moja tu ilikuwa imebaki kufika fainali.

Mnajua kilichofuata. Ya sita tukapoteza. Leo ya saba, kwao Toronto, tunaongoza 3 kwa 1, zamu ya saba. Springer wa Toronto akapiga hom rani, watatu wakaingia, 4 kwa 3. Ikaisha hivyo, jua linachomoza. Bazardo wetu ndiye aliyekuwa kilimani. Muñoz, mrushaji wetu wa kumalizia mechi, alikuwa amekaa, na hilo litanisumbua mpaka masika.

Nilizima simu nikashuka majini. Mwezi haupo kabisa wiki hii, giza zito, mitumbwi ilirudi imejaa mpaka kingo. Nimepokea dagaa saa mbili mfululizo bila kusema na mtu.

Wale watatu tuliowapa Arizona ningewatoa tena, leo hii.

PambaDamu (Jumanne, 21 Oktoba 2025)

Pole sana kaka yangu. Niliamka kuangalia kwa ajili yako, mechi yangu ya kwanza ya besiboli. Yule kijana wa miaka 20 yuko wapi sasa?

Mwaloni51 (Jumanne, 21 Oktoba 2025)

Kamalizia msimu Tacoma, ngazi moja tu chini ya timu kubwa. Mechi zao nyingi kwa saa zetu zinaanza alfajiri. Aprili njoo bandani tuangalie, chai ipo.