Redio koli za kampuni ya utalii: VHF, UHF au za laini?

mtu_wa_karatu: Wakuu habari za saa hizi. Tuna magari ya safari yanayozunguka Ngorongoro na Serengeti, loji yetu iko huku Karatu. Sasa hivi tunategemea simu tu na mnajua ukishapita geti la Naabi mtandao unakuja na kupotea, dereva akikwama kwenye tope ofisini hatujui mpaka jioni. Kuna muuzaji anatusukumia redio za kuweka laini ya simu, eti zinaongea nchi nzima. Mwingine anasema VHF, zile zinazoongea zenyewe bila minara ya simu. Tusaidieni, hela yenyewe ya kuungaunga.

fundi_antena: Mkuu za laini achana nazo kwa mbugani. Zile zinapita kwenye minara ya mitandao ya simu, pale simu inapokufa na redio inakufa, sasa utakuwa umetatua nini? Kwa malori ya barabara kuu ni nzuri sana, ila siyo huko. Chukua VHF, ile ya 136 hadi 174 MHz, inatembea vizuri tambarare. Na madereva usiwape za mkononi peke yake, hiyo ni wati 5 tena imefungiwa ndani ya bodi la chuma, funga za gari za wati 25 na kuendelea, antena juu ya paa. Antena nayo ikatwe kufuata masafa (frikwensi) yenu, kwa 150 MHz antena ya robo wimbi, yaani robo ya urefu wa wimbi la redio, inacheza nusu mita, watu wanafunga ya urefu wowote halafu wanalaumu redio. Halafu kreta ya Ngorongoro ni habari nyingine, kingo zake zinapanda kama mita 600, gari likishuka chini huisikii Karatu bila ripita (mtambo wa kupokea sauti na kuirusha tena) kule juu, na hiyo lazima muombe kibali cha hifadhi.

dada_mapokezi: Kwa ndani ya loji mimi nasema UHF, ile ya masafa ya juu kuliko VHF, hotelini kwetu ndo tunatumia, inapenya zege na makorido mpaka stoo ya chini. Ila UHF na VHF haziongei zenyewe kwa zenyewe kaka, kwa hiyo mapokezi wekeni na VHF moja ya mezani ya kuongea na magari.

mtu_wa_karatu: Asanteni sana. Dijitali je, ina maana kwetu?

fundi_antena: DMR, ambayo ni aina ya redio za dijitali, inabeba maongezi mawili kwenye chaneli moja ya 12.5 kHz na betri inakaa zaidi. Ila ukifika mbali inakata ghafla, analogi inaanza kukwaruza lakini neno "nimekwama" bado utalisikia. Nunua zenye vyote viwili, anza na analogi. Na kabla hujalipa chochote nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uombe masafa na leseni, na uhakikishe modeli hiyo wameiidhinisha, usije ukanunua za bei chee halafu huruhusiwi kuziwasha. Hapo loji mna mnara wa tanki la maji? Antena ya ofisi ikae juu kabisa.

mtu_wa_karatu: Upo, tena mrefu kuliko miti yote. Wiki hii naanza na TCRA.