Wauza muvi wa Kariakoo, acheni kuandika UNCUT kwenye muvi zilizokatwa!

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika kwa hasira. Asiyependa kusoma apite kimya kimya.

Nenda Kariakoo, Manzese, Mbagala, popote wanapoingiza muvi kwenye flashi, uombe Sholay, ile muvi ya Kihindi ya 1975, nzima. Kijana atakwambia "ipo boss, uncut, HD, haijaguswa". Unalipa, unaondoka. Unafika mwisho wa muvi, Thakur, ofisa wa polisi wa zamani, yuko juu ya jambazi Gabbar, mara polisi hao, wanamzuia asimuue. Basi umeshapigwa. Huo mwisho si wa kwanza. Ulipigwa upya mwaka 1975 kwa sababu bodi ya ukaguzi ya India, kipindi kile cha hali ya hatari, haikutaka kuona aliyekuwa ofisa wa polisi akijichukulia sheria mkononi. Mwongozaji Ramesh Sippy akalazimika kurudi kupiga mwisho mwingine. Kwenye toleo lisilokatwa Thakur anammaliza Gabbar kwa miguu yake mwenyewe, hakuna cha polisi wala nini. Mwaka 2025 toleo hilo lilioneshwa Bologna, Italia, likiwa limesafishwa upya, na watu wakaliona kwenye skrini kubwa. Sisi huku bado tunauziwa la polisi, kava limeandikwa UNCUT kwa herufi nyekundu.

Ukirudi kulalamika, jibu lipo tayari mdomoni: "Hiyo ni PAL kaka, PAL ni fupi." Hapa ndipo wanapotuona wajinga, kwa sababu jibu lenyewe ni nusu kweli. Tuielewe hiyo nusu, halafu tuwanyang'anye kichaka cha kujificha.

Sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Mfumo wa PAL, ambao ndio tuliokuwa nao kwenye televisheni zetu, unakwenda kwa fremu 25. Watengenezaji wa diski za PAL wengi hawahangaiki, wanaikimbiza tu filamu ifike 25. Inaisha mapema kwa asilimia 4 bila kukatwa hata fremu moja. Kwa hiyo chukua dakika za asili, zidisha kwa 0.96, unapata dakika za PAL. Sasa angalia Sholay inavyochanganya:

Isiyokatwa, dakika 204. Ikiwa PAL, karibu 196.
Iliyokatwa, dakika 198. Ikiwa PAL, karibu 190.

Mmeona mtego? Faili la dakika 196 linaweza kuwa nzima, na la dakika 198 likawa limekatwa. Anayenunua kwa kuangalia dakika peke yake atalikimbia zuri na kubeba bovu. Na muuzaji mjanja anajua hivyo, au hajui kabisa na hajali, sijui lipi baya zaidi.

Enter the Dragon ya Bruce Lee nayo ni hivyo hivyo. Ya sinema ya 1973 ni kama dakika 98. Mwaka 1998 likatoka toleo maalumu lililorudishiwa mazungumzo ya Bruce Lee na mkuu wa hekalu mwanzoni, likafika kama dakika 102. Lile refu likikimbizwa kwa PAL linarudi kwenye dakika 98 tena! Kwa hiyo "dakika 98" kwenye kava haikwambii chochote. Fungua mwanzo, tafuta hayo mazungumzo na yule mzee. Halafu nenda kwenye mapigano ya chini ya ardhi uangalie kama nunchaku (vile vijiti viwili vya mnyororo) zipo. Bodi ya Uingereza kwa miaka mingi ilikuwa na ugonjwa wa kukata nunchaku kila zinapotokea, na kopi za kanda za Uingereza zimesambaa sana. Ukiona Lee anapigana, picha inaruka, na muziki unakwama nusu ya pumzi, hapo mkasi umepita.

Dakika zisomwe pamoja na fremu. Fungua faili kwa VLC kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja, shuka mpaka sehemu ya video, soma idadi ya fremu kwa sekunde. Au tumia programu ya MediaInfo, ni ya bure na inaonesha dakika na fremu pamoja.

Ukikuta 23.976 au 24, dakika unazoziona ndizo za asili.
Ukikuta 29.97, ni NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani. Nayo haikukimbizwa, fremu nyingine zimerudiwa tu, muda haukupungua. Diski nyingi za India ni za namna hii.
Ukikuta 25, subiri kwanza. Inawezekana imekimbizwa, na inawezekana ni NTSC iliyogeuzwa kuwa PAL kwa kuchanganya fremu, ambayo muda wake haubadiliki. Hii ya pili utaitambua kwa kusimamisha picha mtu akiwa anakimbia: utaona kivuli, kama watu wawili wamepishana kidogo.

Kwa iliyokimbizwa, sikio ndilo hakimu. Sauti inapanda kama asilimia 70 ya nusu toni. Kwenye mazungumzo husikii kitu, kwenye nyimbo unasikia. Cheza Yeh Dosti, wimbo wa Sholay, kutoka kwenye faili lako, halafu cheza ya albamu. Kishore Kumar na Manna Dey wakiwa wembamba na wana haraka, hiyo ni PAL iliyokimbizwa, gawanya dakika zako kwa 0.96 upate za kweli. Wakilingana na albamu na dakika bado ni pungufu, imekatwa, mwambie muuzaji aache hadithi za PAL.

Na kabla hamjaja kulia kwamba kopi yenu haina ile kawali (wimbo wa kuitikiana) ya Sholay: haikuwahi kuwemo. Ilirekodiwa na ikatoka kwenye santuri, ila haikupigwa picha. Hilo msimlaumu mtu.

Kipimo kingine, na kwangu ndicho kikali kuliko vyote, ni maandishi ya chini (subtitles). Pakua maandishi ya toleo kamili, yawe ya 23.976, uyaweke kwenye faili lako. Yakianza sawa halafu yakachelewa polepole, kwamba baada ya saa nzima yamebaki nyuma kama dakika 2 na nusu, hiyo ni kasi ya PAL tu. Lakini yakienda sawa sawa dakika arobaini, halafu ghafla kwenye badiliko la picha yakabaki nyuma sekunde 38 na kuendelea hivyo hivyo, basi hapo hapo pamekatwa sekunde 38. Andika muda, rudi dukani na ushahidi. Msihangaike kubonyeza G kwenye VLC mpaka kidole kiume, kila mbonyezo ni sekunde 0.05 tu. Kwenye menyu ya Tools kuna dirisha la kusawazisha, andika sekunde moja kwa moja.

Mnajua kwa nini muvi za Kihindi ndizo zinaumia zaidi? Urefu. Kaseti ya VHS ya E-180 inabeba dakika 180 kwa kasi ya kawaida, basi. Sholay haienei hata ikikimbizwa, kwa hiyo mchomaji wa enzi hizo alitoa wimbo mmoja au miwili. Ikaja VCD, diski moja dakika 74 mpaka 80, muvi moja inataka diski tatu, na diski ya tatu ikipotea biashara inaendelea kama kawaida. Ukiona faili picha yake ni 352 kwa 288, limeandikwa HD na limetanuliwa mpaka nyuso zimekuwa uji, ujue limezaliwa kwenye VCD. Usitegemee liwe kamili.

Hizi DVD za "20 ndani ya 1" nazo ni matusi. Diski ya GB 8.5 ukiigawa kwa muvi 20, kila moja inapata kama MB 425. Muvi ya saa mbili hapo inabaki na nusu megabiti kwa sekunde, wakati DVD ya kawaida hutumia mara kumi ya hizo. Mchomaji anakata majina ya mwisho, anakata majina ya mwanzo, na nafasi ikibana zaidi anakata chochote.

Halafu mambo ya pembeni, kihalisi! Filamu ya 2.35 (upana wake ni mara 2.35 ya kimo) ikijazwa kwenye televisheni ya zamani ya 4 kwa 3 inapoteza karibu asilimia 43 ya picha. Ikijazwa kwenye televisheni pana za sasa inapoteza robo. Hakuna dakika hata moja iliyopungua, lakini nao ni mkasi. Muvi za kauboi za Italia zinakufa kabisa hivi, maana kila pambano watu wanasimama kwenye kingo mbili za picha.

Na kwa kuwa nimezitaja: The Good, the Bad and the Ugly ya Marekani ni dakika 161, na iliyorefushwa mwaka 2003 ni 179. Utaijua ndefu sauti ya Tuco ikizeeka ghafla, kwa sababu Eli Wallach na Clint Eastwood waliitwa kuingiza sauti zao upya baada ya zaidi ya miaka 30. Mimi binafsi ile sehemu ya pangoni sioni ilikuwa na umuhimu gani. Lakini mteja achague mwenyewe, asichaguliwe na mkasi. Once Upon a Time in America haina mjadala: dakika 229 ndiyo muvi, 139 ya Marekani ni uhuni, wameipanga upya kwa mfuatano wa miaka. Ikianza tu na watoto mtaani, toa flashi, dai hela.

NYONGEZA 1: Kuna waliokuja na "nunua original uache kulalamika". Nunueni, ni vizuri, ila original nayo inakatwa na kava lake linadanganya pia. Na angalieni kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa: Tanzania DVD ni kanda 5, sawa na India, na Blu-ray yetu sisi ni B. Diski za Hong Kong ni kanda 3 kwa DVD na A kwa Blu-ray, deki isiyofunguliwa kusoma kanda zote haitazisoma. Afrika Kusini DVD zao ni kanda 2, msidhani kwa kuwa ni Afrika tuko pamoja.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza kwa nini faili lake linaishia saa 2 na dakika 10 kila akienda kuingiziwa: flashi yako ina mfumo wa FAT32, haipokei faili linalozidi GB 4. Muuzaji analikata vipande viwili na kukupa cha kwanza, au unakili unagoma katikati na yeye anachomoa bila kuangalia. Ifomati iwe exFAT, hamisha vitu vyako kwanza maana vitafutika. Televisheni yako ya zamani isipoisoma exFAT, jaribu NTFS. Ikigoma zote, rudisha FAT32 umwambie akugawie kwa MKVToolNix vipande vya MB 3900, na uvihesabu vyote kabla hujatoa hela.