Kwa nini Waingereza wanawageuza majambazi wao halisi kuwa masteringi?

Mleta mada

Wakuu, nimerudia kuangalia Jack Said ya 2009, ile ya bajeti ndogo iliyotokana na riwaya ya katuni ya Paul Tanter, Danny Dyer akiwemo. Si filamu kubwa, na ukosefu wa pesa unaonekana waziwazi. Ila ina jambo moja ninaloliheshimu: majambazi wake ni wa kubuni. Hakuna familia iliyozika mtu ili sisi tupate burudani.

Sasa chukueni filamu za Rise of the Footsoldier, zinazotokana na mauaji ya kweli. Tarehe 6 Desemba 1995, Tony Tucker, Pat Tate na Craig Rolfe walipigwa risasi ndani ya Range Rover kwenye kijia cha mashambani huko Rettendon, Essex. Walikuwa watu wa dawa za kulevya. Filamu ya kwanza ikatoka 2007, na kufikia 2023 zilikuwa sita! Katikati ya safari Pat Tate, anayeigizwa na Craig Fairbrass, akapandishwa cheo kuwa steringi, akapelekwa mpaka Marbella kugawa vichapo.

Msimamo wangu: hii si sanaa, ni ubahili. Mauaji yaliyokwisha kuandikwa magazetini yanajitangaza yenyewe. Mwenye pesa kidogo angechukua riwaya ya katuni, ambamo mchoraji ameshampangia kila picha, amwache marehemu alale. Karibuni.

Kibanda Umiza

Mkuu, naomba kutofautiana. Dogo aliyekaa kwenye benchi kule kwetu hajui kama Pat Tate aliwahi kuishi. Anaona jamaa mwenye misuli, gari na warembo, basi. Tony Montana, jambazi wa filamu ya Scarface, hakuzaliwa na mwanamke yeyote, lakini tisheti zake zimevaliwa kuliko za majambazi wote wa Essex. Kama kutukuza uhalifu ni kosa, huyo wako wa kubuni naye ana kesi ya kujibu.

Mleta mada

Simzungumzii dogo wa benchi. Namzungumzia mfiwa. Tarehe 9 Machi 1966 Ronnie Kray, jambazi wa London aliyeshirikiana na pacha wake Reggie, aliingia baa ya Blind Beggar, Whitechapel, akampiga George Cornell risasi ya kichwa. Cornell alikuwa na mke na watoto. Baa ipo hadi leo, na watalii wanaifuata kwa ajili ya risasi hiyo. Montana hana mjane wa kulazimika kupita mbele ya bango lake.

Mwanasheria

Niongeze la kisheria, maana mleta mada amegusa pesa bila kufika penyewe. Filamu ya The Krays ya 1990 ilitengenezwa mapacha wale wakiwa bado gerezani, na waliuza haki za hadithi yao. Baadaye Uingereza ikatunga Coroners and Justice Act ya 2009, ambayo Sehemu ya 7 inaruhusu mahakama kumnyang'anya mhalifu faida aliyoivuna kwa kusimulia uhalifu wake. Mhalifu, siyo prodyuza. Ambaye hakutenda kosa anaruhusiwa kuvuna apendavyo.

Halafu kuna hili: katika sheria ya Uingereza marehemu hakashifiwi. Ndugu wa Tate hawawezi kwenda mahakamani kudai kwamba jina lake limechafuliwa, wala wa Cornell. Prodyuza mwenye mfuko mwembamba anaogopa gharama za mawakili kuliko kitu chochote, kwa hiyo jambazi aliyekwisha kufa ni mhusika salama kabisa. Katuni ina mwenye haki, na mwenye haki hulipwa.

Mpwani wa London

Mwanasheria amenena, lakini mnahukumu kundi zima. Legend, filamu ya 2015 kuhusu mapacha hao wa Kray, inasimuliwa na Frances, aliyekuwa mke wa Reggie na kufariki 1967 akiwa bado kijana. Sauti inayotuongoza ni ya mtu aliyeumizwa na hao jamaa. Kisa cha kweli kikipata mwandishi mwenye akili kinaweza kumrudishia heshima aliyenyang'anywa.

Mleta mada

Nakubali kuhusu Frances. Ila niambie, bango liliuza nini? Tom Hardy mara mbili, kama mapacha wote wawili, suti mbili. Frances tulimkuta ndani, baada ya kulipa kiingilio.

Mwanasheria

Wakati mnagombania marehemu, kuna walio hai. Kwa mauaji ya Rettendon walihukumiwa Michael Steele na Jack Whomes mwaka 1998, na miaka yote wamekana. Whomes aliachiwa kwa parole, yaani kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo, 2021. Maana yake filamu hizo zilitengenezwa na kuuzwa wakati mtu yuko ndani akisema hakuua. Mtazamaji aliyeona tukio likiigizwa ana mashahidi wa aina gani kichwani mwake, wa mahakamani au wa kwenye DVD?

Kibanda Umiza

Hapo kwa Whomes umenibana, wakili. Kwa Tate bado nabisha.