Mwalimu kafuta bunduki zote kwenye kala gadi ya binti yangu eti "majaji wanataka dansi", hii imeniuma sana

Wakuu habari za saa hizi. Huku Ohio ni saa sita usiku na sijalala, nina hasira toka Alhamisi na nikizidi kunyamaza nitaugua bure. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kwa wasioijua, kala gadi ni lile kundi linaloongozana na bendi za shule huku Marekani. Vijana wanazungusha bendera zenye miti ya futi 6, bunduki za mbao na mapanga, wanarusha juu wanadaka bila kutoka kwenye mapigo ya muziki. Kabla ya baridi wanakuwa uwanjani na bendi, baridi ikiingia wanahamia ndani ya jimu peke yao, wanaita wintagadi, wanashindana mpaka mwezi wa 4. Binti yangu yupo mwaka wa tatu. Miaka miwili kashika bendera tu, mwaka huu mwezi wa 8 ndo kafaulu kuingia safu ya bunduki, watoto 8 tu shule nzima, siku ile alilia kwenye gari njia nzima kwa furaha.

Sasa Alhamisi tumeitwa wazazi, mwalimu kawasha projekta yake kasema msimu huu wa baridi hakuna bunduki wala mapanga. Bendera zitatoka mara mbili, mwanzo na mwisho, katikati pote ni dansi na viti na kitambaa kimoja kikubwa cha kuburuta. Sababu? Dunia ndo imeelekea huko, majaji wanataka kuona mwili, bunduki ni mambo ya kizamani. Kaongea dakika kumi kahamia kwenye bei ya mavazi, na mchango umepanda!

Hivi huyu mtu anajua kilichoko nyuma ya ile bunduki? Nyumbani kwangu kila Jumapili usiku baada ya kula mezani panasafishwa, mtoto anabandua ile gundi ya utepe mweupe iliyochoka, anakagua skrubu kama zimelegea, anaivalisha utepe mpya kuanzia mdomoni mpaka kitakoni huku anakandamiza mapovu na mgongo wa kijiko, asipofanya hivyo mbao inapasuka ikianguka kwenye sakafu ya jimu. Mkono wake wa kushoto una alama ya bluu chini ya kiwiko isiyoisha toka mwezi wa 8, namkanda na maji ya moto na chumvi, kesho yake inarudi palepale. Alikuwa anarusha izunguke mara 3 hewani. Wiki 2 zilizopita, barazani pale mbele ya gereji, giza limeshaingia, kaidaka ya mara 4, nilisikia ule mlio wa kiganja kwenye mbao nikiwa jikoni nikajua tu, maana ikidakwa vizuri inalia mlio mmoja, ikidakwa vibaya inalia miwili. Ndo kitu kilichofutwa na slaidi moja.

Na hilo la majaji ndo limenikera kuliko yote kwa sababu si kweli. Mashindano tunayokwenda yanatumia karatasi za alama za WGI, chama kinachosimamia mashindano ya wintagadi, na nimezisoma mwenyewe. Vifaa alama 20. Mwendo wa mwili alama 20. Ubunifu 20. Halafu majaji wawili wa mvuto wa onyesho zima, kila mmoja 20. Jumla 100. Wapi palipoandikwa mwili una thamani kuliko vifaa? Ni sawasawa kabisa! Na jaji wa vifaa atakaa pale aangalie nini kama bendera zinatoka mara mbili, ahesabu viti? Nikamuuliza hivyo hivyo mbele ya watu. Kajibu kwamba ni uamuzi wa kisanii. Mzazi mmoja akanigeukia akaniambia mimi ni mgeni wa huu mchezo ndo maana sielewi.

Mgeni? Nimekuwa kwenye halaiki Dar nikiwa darasa la tano, wiki kwa wiki juani, naelewa vizuri mtoto anajisikiaje ukimwambia kipande chake kimeondolewa. Na aliyewahi kukaa jukwaani sherehe za Uhuru akaangalia wale wanajeshi wa gwaride la kimya kimya anaelewa ninachosema, uwanja mzima unanyamaza, hakuna amri, unasikia buti tu, halafu silaha zinageuka zote kwa pamoja na watu wanalipuka. Watu wanabana pumzi kwa sababu inaweza kuanguka. Kitambaa cha kuburuta nani atabania pumzi?

Halafu naomba nisieleweke vibaya, wapo wale wazee wa zamani wa bendi wanaotaka kila kitu kirudi kama enzi za mashindano ya maveterani wa vita, VFW na American Legion, bendera ya taifa katikati na bunduki pembeni zikiilinda, bendera ikigusa chini mnakatwa alama, kila kosa sehemu ya kumi ya pointi inaondoka. Hao sipo nao hata kidogo. Ule mtindo wa kukata kata DCI, wasimamizi wa mashindano makubwa ya bendi za vijana za kiangazi, waliuacha 1984 na walifanya vizuri. Vipaza sauti viliruhusiwa 2004, watu wakasema mchezo umekufa, haujafa. Madison Scouts, moja ya bendi hizo, walikuwa wavulana tu toka 1938, mwaka 2019 wakafungua milango kwa wote, safi sana. Na hapahapa Ohio bendi ya Bluecoats wa Canton walichukua ubingwa wa DCI 2016 wakiwa na ile miteremko mikubwa uwanjani watoto wanaserereka, mimi video yake nimeirudia sijui mara ngapi. Lakini angalieni kitu kimoja, hawa wote waliobadilika waliongeza. Gadi zao zinacheza dansi NA zinarusha, mtu anatoka kwenye kujiviringisha sakafuni anainuka na kudaka. Huyu wetu kaondoa lile gumu kabisa lililokuwa linaonyesha huyu mtoto kafanya mazoezi na huyu hakufanya, halafu anaita maendeleo.

Ukweli wenyewe nimeupata kwa msaidizi wake, safu ya bunduki inahitaji mtu wa kuifundisha na aliyekuwepo ameondoka mwezi wa 10, hawajatafuta mwingine. Basi semeni hivyo! Sisi wazazi tungechanga tukamtafuta. Kwa nini kuwadanganya watoto kwamba walichokipigania kimepitwa na wakati?

Jumanne nimeomba dakika 5 kwenye kikao cha wazazi. Mume wangu ananiambia niache, tutaonekana wakorofi. Siachi. Kama kuna mzazi humu yupo Ohio, Indiana, Texas popote, na shule yenu iliwahi kufuta bunduki halafu zikarudi, naomba uniambie mlipitia kwa nani, mwalimu wa bendi au moja kwa moja kwa mkuu wa shule. Na kama unamjua mtu anayefundisha bunduki karibu na Columbus na yuko huru Jumamosi, njoo PM hata usiku huu, maana huyu mtoto toka Alhamisi hajagusa ule utepe wake na bunduki imeegemea tu mlangoni nusu imebanduliwa.