Barabara ya Kusini inakatika, chama chetu cha wafanyabiashara kinaandika risala ya pongezi

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo muda mrefu. Leo nalimwaga hapa, maana kule kwenye kundi letu la WhatsApp nikiandika, ujumbe unafutwa kabla wenzangu hawajausoma.

Mimi ni mfanyabiashara wa Mtwara mjini. Nina duka la jumla na fuso moja inayokwenda kuchukua mzigo Kariakoo. Ni mwanachama hai wa chama cha wafanyabiashara cha ukanda wetu (jina nalihifadhi, wahusika watajijua). Ada nalipa kila mwaka bila kukumbushwa na risiti zote ninazo. Katiba ya chama inasema kazi yake ya kwanza ni kuwasemea wanachama serikalini kuhusu usafirishaji na mazingira ya biashara. Ya kwanza, wakuu. Mambo ya fulana na chakula cha hotelini sijayaona popote kwenye katiba hiyo.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zake, barabara yetu ya Dar hadi Mtwara ilikatika pale Somanga, wilaya ya Kilwa. Fuso yangu ilikuwa bado upande wa Dar, imebeba vitunguu, mayai, mafuta ya kula na sukari. Dereva akanipigia alfajiri: "Bosi, usiseme barabara imeharibika. Barabara haipo." Maji yalikuwa yamebeba tuta zima. Nyuma yake foleni ya mabasi na malori inarefuka, abiria wenye watoto wachanga wanalala kwenye viti, maji ya chupa yanapanda bei kila saa. Tandiboi wangu alikesha akigeuza magunia ya vitunguu yapate hewa, na bado mengi yalioza. Huku Mtwara wateja wanakuja dukani, wanakuta rafu tupu.

Waliokuwa na hela ya dizeli waligeuza. Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, ndipo Mtwara. Zaidi ya kilomita 1,500, wakati njia yetu ya pwani haifiki hata 600. Dizeli hiyo hailipwi na tajiri wa lori. Inaingia kwenye kilo ya sukari anayonunua mama lishe wa Chikongola, na yeye anaitoa kwa kupunguza kipimo cha chai.

Serikali nitaisemea haki yake. Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, Innocent Bashungwa, alifika akapiga kambi na mafundi mpaka magari yakaanza kupita. Chama changu kilikuwa wapi? Siku zote zile hakuna kiongozi aliyepiga simu hata moja kuuliza: wewe umekwama na mzigo gani, una thamani gani, unaharibika lini? Hakuna. Wiki kadhaa baadaye ndipo tukaitwa kikao. Nikaenda na karatasi zangu nikijua sasa tunazungumzia Somanga. Kumbe ajenda ni mapokezi ya mgeni, rangi ya fulana na risala.

Rasimu ya risala ile niliisoma mwanzo mpaka mwisho. Kurasa mbili na nusu ni pongezi, na ombi ni moja tu, mstari wa mwisho kabisa: "Tunaiomba serikali iendelee kuboresha miundombinu." Mstari huo unaweza kusomwa Kigoma, ukasomwa Tanga, ukasomwa popote. Hauna jina la daraja, hauna kilomita, hauna tarehe, hauna shilingi. Atakayeusikia atafanyia kazi kitu gani hapo?

Nikanyoosha mkono. Nikasema, Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima zote, naomba tugawe fomu ya ukurasa mmoja. Kila mwanachama aandike tarehe aliyokwama, mahali, saa, mzigo na hasara. Tukijumlisha tutakuwa na hesabu ambayo hakuna ofisi itakayoweza kuiweka pembeni. Mzee mmoja wa meza kuu akanijibu, "Mwanangu, mambo haya huyajui. Mkubwa ukimpelekea hasara unamuudhi. Sisi hapa tunajenga mahusiano." Katibu akaandika kwamba wazo limepokelewa. Mvua za 2025 zikaja, tukazuiliwa tena Somanga ile ile, na ile fomu haijawahi kuchapwa.

Namheshimu mzee yule, ana umri wa baba yangu. Lakini mahusiano ambayo hayaruhusu mtu kusema mzigo wake umeoza yananisaidia nini mimi niliyelipa ada?

Najua wapo watakaosema Kusini tumetupwa kwa sababu hatuna mtu juu. Huo si ukweli. Rais wa awamu ya tatu, Benjamin Mkapa, alitoka Lupaso, Masasi. Waziri Mkuu wa miaka kumi, kuanzia 2015 hadi 2025, Kassim Majaliwa, ni wa Ruangwa. Watu tumekuwa nao. Kiongozi wa nchi ana mikoa yote mgongoni, anashughulikia kinachofikishwa mezani kwake kikiwa na hesabu. Sisi tumekuwa tukimpelekea ngoma na zawadi.

Na historia ilishatufundisha. Mtwara tulikuwa na reli, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, kutoka bandarini kwenda Nachingwea. Mradi ulikufa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Baada ya hapo wazee wetu walivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Hata daraja lilipokuwepo, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliendelea kula magari na siku za watu kwa miaka mingi kabla ya kupata lami. Kilomita 60! Kwa watu wenye mateso ya namna hii, chama cha wafanyabiashara kilipaswa kuwa na kabati zima la kumbukumbu. Niliomba kuona faili la barabara ofisini. Nilipewa bahasha ya picha za mikutano.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kalenda, na hapa naomba mnielewe vizuri. Bunge la bajeti linaanza Aprili, bajeti kuu inasomwa Juni, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Anayetaka jambo lake liingie anaanza kubisha hodi miezi mingi kabla. Barua ya chama chetu ya 2024 iliandikwa Agosti. Agosti, wakuu, fungu limeshagawanywa! Kuna Bodi ya Barabara ya Mkoa, mahali ambapo TANROADS wa barabara kuu na TARURA wa barabara za vijijini na mijini wanaeleza mipango yao. Kuna Baraza la Biashara la Mkoa ambalo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na sekta binafsi inakaa mle kama mwenye nyumba. Nikauliza kwenye mkutano mkuu: mwakilishi wetu kwenye vikao hivyo alisema nini? Nikajibiwa kwamba alihudhuria. Nikauliza tena, alisema nini? Kimya, kisha tukaambiwa chakula kiko tayari.

Mtu yeyote anayefanya biashara huku anajua mwaka wetu ulivyo. Minada ya korosho inachangamka kuanzia Oktoba, hela inaingia vijijini, malori yanajaa barabarani. Masika inapiga Machi hadi Mei. Nafasi ya kujenga makalavati na kunyanyua tuta ni kiangazi, Juni hadi Septemba. Miezi hiyo ndiyo chama kilipaswa kuwa barabarani, Matandu, Somanga, Nyamwage, kikihesabu kilichojengwa na kisichojengwa. Sijawahi kuona gari la chama likivuka Lindi kwa kazi hiyo.

Halafu bandari. Serikali imemwaga shilingi bilioni 157.8 Mtwara, likajengwa gati jipya la mita 300, uwezo ukapanda kutoka tani 400,000 hadi milioni moja kwa mwaka. Septemba 2023 Rais Samia alipokuja akaelekeza korosho za Kusini zisafirishwe kupitia bandari hii, ziache kuhangaishwa hadi Dar. Tulishangilia, na mimi nilishangilia kwa nguvu zangu zote. Lakini baada ya vigelegele kulikuwa na kazi ambayo ni yetu wafanyabiashara, na hakuna aliyeigusa.

Meli ya makontena inakuja ikijua itashusha nini na itapakia nini. Korosho ni za miezi michache. Zikianza, watu wanalia makontena matupu hayatoshi, kwa sababu hakuna mzigo wa maana unaoingia Mtwara kwa kontena. Na kwa nini hauingii? Kwa sababu mimi na wenzangu wote wa maduka ya jumla, bidhaa zetu zinashukia Dar, tunazifuata kwa fuso kupitia Somanga ile ile. Tungejiunga wa Mtwara, Lindi, Masasi na Newala, tukaunganisha oda zetu za vigae, matairi, betri na nguo, zikashuka hapa hapa, makontena yangebaki yakisubiri korosho. Mtu mmoja hawezi kwenda kwa kampuni ya meli na hesabu hiyo. Chama kinaweza. Ndiyo maana ya kuwa na chama! Nilipeleka wazo hili kwa maandishi, kurasa tatu, na sahihi ya kupokelewa ninayo. Sijajibiwa.

Sijagusa malori ya makaa ya mawe yanayotoka Mbinga kushuka bandarini na jinsi yanavyoikandamiza lami ya Songea hadi Mtwara. Sijagusa barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 210 katikati ya korosho penyewe, ambayo kwa muda mrefu lami yake iliishia Mnivata, kilomita 50 tu. Wala reli ya kutoka Mtwara kwenda Mbamba Bay, kule Ziwa Nyasa, ambayo imekuwa ya kusomwa kwenye makaratasi, wakati wenzetu wanapanda treni ya umeme Dar hadi Dodoma tangu 2024. Katika yote hayo msimamo wa chama chetu ni upi? Kama yupo anayeujua auandike hapa, nitamshukuru.

Wenzetu wa Kariakoo, Mei 2023, walisimama na mambo yenye majina: usajili wa stoo, kikosi kazi cha kodi. Waziri Mkuu akaja mpaka Mnazi Mmoja akakaa nao. Siwaambii mfunge maduka. Nataka mjifunze kwamba walijua wanachokidai, kila mmoja wao angeweza kukieleza.

Mkutano wetu mkuu ni mwezi ujao. Nitaingia na daftari, na nawaomba mlijaze. Ndugu zangu wa Lindi, Kilwa, Masasi, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa, madereva, wenye maduka, akina mama wa samaki, andikeni hapa chini: tarehe, mahali, muda mliokwama, mzigo, hasara. Majina msiweke. Nitayachapa na kuyasoma mbele ya mkutano, na wakinizimia kipaza sauti nitasoma kwa mdomo.

Naanza na langu. Mei 2024, Somanga, fuso moja, siku nne. Vitunguu gunia 40, yaliyofika mazima ni 17. Mayai trei 120, yaliyofika mazima ni 71. Chakula cha dereva na tandiboi juu yangu, na deni la mzigo nililimaliza Januari iliyofuata.

Anayefuata?