Mjadala: Ukimiliki raifo mbili tu za kuwindia, .30-06 na .375 zinatosha, au bila .458 hujakamilika?

Mleta mada:
Wakuu, mdogo wangu anaomba kibali cha kumiliki silaha kwa ajili ya uwindaji wa wenyeji. Anataka aanze na tatu: .308, .375 na .458 (namba hizi zinaonyesha upana wa risasi kwa sehemu za inchi). Nimemshauri achukue mbili. Akaniambia wazee wa kitaluni, yaani kwenye eneo la uwindaji, wanasema asiye na .458 bado hajawa mwindaji. Hilo limenikera, ndiyo maana nalileta hapa. Kila bunduki unayoongeza inataka kibali chake, nafasi kwenye kabati la chuma, risasi zake na, zaidi ya yote, mazoezi yake.

Msimamo wangu ni .30-06 na .375 H&H.

.30-06 ilianzia jeshi la Marekani mwaka 1906, na hiyo 06 ndiyo mwaka wenyewe. Kichwa cha risasi cha greni 180 (gramu 12 hivi) kinatoka mtutuni kwa mita 820 hivi kwa sekunde. Swala pala, tohe, ngiri, kongoni na nyumbu wote wamo uwezoni mwake. Sijaikataa .308, ni nzuri, ila kwa vichwa vizito .30-06 inaipita kidogo.

.375 niliyoitaja ni ya Holland & Holland wa London, ya mwaka 1912. Inasukuma greni 300, yaani gramu 19 na ushee, kwa mita 770 hivi kwa sekunde. Kwetu Tanzania ndicho kiwango cha chini kwa wanyama hatari, kwa hiyo anayemtaka nyati hana pa kuikwepa. Na uzuri wake ni huu: hadi mita 200 njia ya risasi yake haipishani sana na ya .30-06. Jicho lililozoea moja halipotezwi na nyingine.

Sasa .458. Niliijaribu kwenye uwanja wa shabaha. Kufikia risasi ya tano nilikuwa nafumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, na tabia hiyo ilinichukua wiki nyingi kuiacha, hata nikishika bunduki ndogo. Msimu uliofuata nilikuwa kwenye msafara ambao mwenzetu alimpiga nyati tumboni kwa .458. Tulifuata damu tangu asubuhi hadi jua linainama. Ukubwa wa risasi haukumsaidia yeye, wala yule mnyama.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, nakuheshimu, lakini unaongea kama mtu anayepiga risasi ya kwanza tu. Mimi nimefanya kazi na wawindaji bingwa, wanaoongoza wageni porini, miaka mingi. Mgeni akijeruhi, sisi ndio tunaoingia kichakani. Nyati anakungoja kimya mpaka umefika hatua kumi na tano. Pale unataka greni 500 za .458 zimsimamishe. Njia ya risasi mita 200 haina kazi. Mwambie mdogo wako aichukue .458 kisha ajifunze kuibeba.

Mchangiaji wa pili:
Mimi hata hiyo .30-06 naiondoa. .375 moja, risasi laini (inayotanuka mwilini) kwa swala na pofu, ngumu (isiyotanuka, inayopenya ndani) kwa nyati. Mtu wa bunduki moja anaijua kama kiganja chake. Na msisahau Bell, yule mwindaji wa tembo wa zamani wa Karamoja kule Uganda: aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 Rigby, risasi ya milimita 7 tu. Alichokuwa nacho ni kujua ubongo uko wapi.

Mleta mada:
Kaka wa kwanza, hoja yako naikubali kwa kazi yako. Anayeingia kichakani kufuata kosa la mwingine anastahili bunduki kubwa. Lakini hata .458 si kinga: ilipotoka mwaka 1956 baruti ilishindiliwa kwenye ganda fupi, na baadhi ya risasi zilitoka na kasi pungufu. Jack Lott, mwindaji Mmarekani aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji, baadaye alitengeneza .458 Lott yenye ganda refu zaidi. Mdogo wangu hafanyi kazi hiyo. Atawinda mara mbili au tatu kwa mwaka, na mwindaji bingwa pembeni.

Kaka wa pili, kwa Bell sikufuati. Alipiga tembo wasiozoea sana bunduki, alitumia risasi ngumu, na alisoma mafuvu yaliyokatwa katikati. Hatuna haki ya kumfanyia mnyama jaribio hilo leo. Ila hoja ya bunduki moja imenigusa. Teke la .375 ni kama mara mbili ya .30-06, na kijana asiyepiga risasi 50 kwa mwaka atalichukia haraka. Mimi bado naitaka .30-06 imfundishe kwanza.

Mwenye uzoefu wa kumwanzisha mtu moja kwa moja na .375, aje aseme: alichukua muda gani kuacha kuiogopa?